Tupime Miguu ya Wazee Wetu Kama Tupimavyo Samaki na Pamba

Katika mji wa Musoma hapana kitu chenye thamani kipitacho mkononi mwa mtu bila kupimwa. Sangara na sato washushwao Mwigobero hupandishwa juu ya mizani kabla ya bei kutajwa. Pamba ya mkulima wa Bunda haiingii ghalani mpaka uzito wake umeandikwa. Mwenye duka la nafaka katika Kata ya Iringo anajua vema kwamba mizani yake ikikosa alama ya Wakala wa Vipimo, yeye ni mkosaji mbele ya sheria. Jambo hilo ni jema. Mwananchi hapendi kupunjwa, na Serikali yake haipendi apunjwe.

Lakini iko mali moja ambayo karibu kila mtu anayo, nayo haipimwi mpaka imekwisha kupotea. Mali hiyo ni uwezo wa kusimama wima kwa miguu yake mwenyewe. Mzee huanza kushika ukuta aendapo uani, na watu wa nyumbani husema huo ni uzee. Mama huanza kujikwaa mahali pasipo jiwe, na majirani husema amechoka. Siku moja mzee huyo huanguka, mfupa wa nyonga huvunjika, na ndipo watu hukimbilia gari la kumpeleka hospitali. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twataka kuwauliza wasomaji wetu: daftari la miguu yetu liko wapi?

Mtu hasimami kimya kamwe

Yafaa kwanza tueleze kusimama ni nini. Mtu asimamapo, hata kama yeye mwenyewe anadhani ametulia kama mlingoti, mwili wake unayumba kidogo mbele na nyuma, kushoto na kulia. Misuli ya vifundo na ya mapaja hufanya kazi bila kupumzika ili kuurudisha mwili mahali pake. Kazi hiyo huongozwa na mashahidi watatu. Shahidi wa kwanza ni macho, yanayoeleza upande wa juu na upande wa chini. Wa pili ni kiungo kidogo kilichomo ndani ya sikio, kinachotambua kichwa kinapoinama au kugeuka. Wa tatu ni nyayo na viungo vya miguu, ambavyo hupeleka habari za ardhi kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Shahidi mmoja akiwa mgonjwa, wengine wawili hujitahidi kuziba pengo lake. Na kwa sababu hiyo mtu aweza kuharibika kwa muda mrefu bila kujua.

Tabibu mmoja wa Berlin, Moritz Romberg, aliigundua siri hii katika miaka ya 1840. Aliwaambia wagonjwa wake wasimame, miguu imeunganishwa, kisha wafumbe macho. Wale ambao mishipa ya miguu yao ilikuwa imekufa ganzi waliyumba mara moja, maana alikuwa amewanyang'anya shahidi wa mwisho aliyewasaidia. Kipimo hicho hakikugharimu hata senti moja, na mpaka leo matabibu wa dunia nzima wanakitumia. Lakini kina upungufu mmoja: jicho la tabibu huona kwamba mtu anayumba, bali halimwambii ameyumba kiasi gani, wala kama leo ameyumba kuliko mwezi uliopita.

Mkoa wa Mara unayo sababu ya kujali

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya wataalamu wa ng'ambo. Sivyo hata kidogo. Mkoa wetu unazo kumbukumbu chungu za watu walionyimwa miguu yao kwa ghafula. Katika mwaka 1985, wakati wa ukame, watu 39 wa Wilaya ya Tarime walipatwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa miguu yote miwili. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Uliandikwa kwanza na daktari wa Kiitalia, Giovanni Trolli, mwaka 1938, katika sehemu za Kwango. Ndugu zetu wa Nampula, Msumbiji, waliona balaa hilo hilo mwaka 1981, na huko wagonjwa walizidi 1,000.

Habari za Tarime zilichunguzwa na madaktari William Howlett, G. R. Brubaker, Nicholas Mlingi na Hans Rosling, nao wakazichapisha mwaka 1990. Walionyesha kwamba chanzo kilikuwa ni muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka wakati wa njaa, bila sumu yake kutolewa vya kutosha, na kuliwa siku baada ya siku bila kitoweo cha kuujenga mwili. Mtu aliyelala mzima aliweza kuamka hawezi kutembea sawasawa, na ulemavu huo ulikuwa wa maisha. Waliopatwa zaidi na ugonjwa huu, kila ulikotokea, ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Tazama sasa jinsi wagonjwa wa konzo wanavyopangwa. Kwa utaratibu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1996, mgonjwa anayetembea bila msaada huhesabiwa kuwa na konzo ndogo. Anayetumia fimbo moja au mbili huhesabiwa kuwa na konzo ya kati. Asiyeweza kutembea kabisa huhesabiwa kuwa na konzo kali. Fimbo ndiyo mizani! Utaratibu huu ni wa busara, kwa maana waweza kutumika hata chini ya mwembe. Lakini kati ya mtoto asiyeshika fimbo na mtoto anayeshika fimbo moja pana nafasi kubwa, na ndani ya nafasi hiyo mtoto aweza kupata nafuu au kurudi nyuma pasipo mtu kuandika neno. Mama anayemfanyisha mwanawe mazoezi kila asubuhi anayo haki ya kujua kama jasho lake linaleta faida.

Wala si konzo peke yake. Kisukari kikikaa mwilini huua mishipa ya nyayo. Kiharusi hulegeza upande mmoja. Baadhi ya dawa huleta kizunguzungu. Na juu ya hayo yote uko uzee, ambao sisi sote tunauomba kwa Mungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu 684,000 hufa duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya sehemu 80 katika kila 100 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye mapato madogo na ya kati. Nchi hizo ndizo nchi kama yetu.

Chombo cha mchezo chaingia hospitali

Katika vyuo vikuu vya nchi tajiri, kuyumba kwa mwili hupimwa kwa bamba la chuma linalotandazwa sakafuni. Mtu husimama juu yake, na chombo huonyesha mahali ambapo uzito wake wote unagota chini, na jinsi mahali hapo panavyohama kila nukta. Bamba hilo ni zuri sana, lakini huuzwa kwa maelfu ya dola, na huhitaji chumba chake na fundi wake. Zahanati ya Butiama haiwezi kulingoja.

Basi mnamo Desemba 1, 2007, kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza ubao mweupe wa kuchezea nyumbani, uitwao Wii Balance Board. Watoto na wazazi wao waliusimamia mbele ya televisheni ili kucheza michezo ya mazoezi. Katika Marekani uliuzwa mwaka 2008, pamoja na mchezo wake, kwa bei isiyofika dola 100. Wataalamu walipoutazama kwa ndani walikuta kwamba umewekewa vihisi vinne vya uzito, kimoja katika kila pembe, na kwamba hupeleka hesabu zake kwenye kompyuta bila waya. Kwa maneno mengine, mchezo huo ulikuwa ni ndugu maskini wa lile bamba la thamani.

Namna ufanyavyo kazi si fumbo. Tuseme amesimama mtu mwenye kilo 60. Vihisi viwili vya kulia vikibeba kilo 36, na viwili vya kushoto kilo 24, tofauti ni kilo 12, yaani sehemu moja katika tano ya uzito wake. Basi uzito wake umegota upande wa kulia, umbali wa sehemu moja katika tano ya nafasi iliyopo kati ya mstari wa katikati na vihisi vya upande huo. Hesabu hiyo ikirudiwa mara nyingi katika kila sekunde, hupatikana mchoro wa njia ambayo mwili umepita katika kuyumba. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya.

Mwaka 2010, Ross Clark na wenzake wa Australia walitangaza matokeo ya kuulinganisha ubao huo na bamba la maabara. Waliwapima vijana 30 wenye afya, kwa miguu miwili na kwa mguu mmoja, macho wazi na macho yamefumbwa. Waliona kwamba vyombo hivyo viwili vilipatana kwa kiasi cha kuridhisha. Habari hiyo ilienea upesi, na tangu hapo ubao wa mchezo umetumika katika uchunguzi mwingi juu ya wazee na wagonjwa wa kiharusi.

Tusishangilie kabla ya kupima

Hata hivyo, wajibu wa gazeti ni kusema pande zote mbili. Mwaka 2014, Bartlett na wenzake wa Marekani waliupima tena ubao huo kwa ukali zaidi, mpya na uliotumika. Walisema kwamba unafaa kwa kipimo cha makadirio, lakini usihesabiwe kuwa badala ya bamba la maabara. Maana yake ni hii: ubao huo waweza kumweleza mzee kwamba mwezi huu ameyumba kuliko mwezi uliopita, ikiwa tofauti ni kubwa, lakini tofauti ndogo isichukuliwe kuwa habari, maana yaweza kuwa ni kosa la chombo chenyewe.

Onyo la pili linahusu biashara. Mchezo wa Wii uliacha kutengenezwa mwaka 2013. Kamera ya Kinect, ya kampuni ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2010 na ambayo nayo ilitumiwa na wataalamu kutazama jinsi watu wanavyosimama, iliacha kutengenezwa mwaka 2017. Kampuni hizo hazikumkosea mtu. Zilitengeneza michezo, na soko la michezo lilipogeuka, nazo ziligeuka. Lakini mganga aliyejenga kazi yake yote juu ya chombo cha mchezo alijikuta anatafuta vipuri katika maduka ya mitumba. Anayetegemea mtumbwi wa jirani kuvua samaki asishangae akiamka na kukuta jirani amekwisha kusafiri.

Leo simu janja zimeingia katika nyumba nyingi, na ndani ya kila simu kimo kihisi kidogo kiitwacho aksileromita, ambacho hutambua mtikisiko. Simu ikifungwa kwa mkanda kiunoni, upande wa mgongoni, huweza kuandika kuyumba kwa mtu aliyesimama. Hiyo ni njia ya matumaini, kwa kuwa simu hazitatoweka kesho. Lakini simu ya aina moja haisemi sawasawa na simu ya aina nyingine. Kwa hiyo mgonjwa mmoja apimwe kwa simu ile ile, mahali pale pale, kwa muda ule ule.

Na kabla hatujanunua chochote, tukumbuke vipimo ambavyo tayari tunavyo. Mwaka 1991, wataalamu wawili wa Kanada, Podsiadlo na Richardson, walieleza kipimo kinachotaka kiti, saa na sakafu ya mita tatu. Mzee huinuka kitini, hutembea mita hizo tatu kwa mwendo wake wa kawaida, hugeuka, hurudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, inafaa achunguzwe, kwa maana yumo katika hatari ya kuanguka. Huko Rio de Janeiro, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 juu ya watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75 ulionyesha kwamba mtu mmoja katika kila watano hakuweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, na kwamba katika miaka kama saba iliyofuata, walioshindwa walikufa kwa wingi zaidi kuliko walioweza, hata baada ya umri na maradhi yao kuingizwa katika hesabu. Kusimama kwa mguu mmoja hakumponyi mtu; lakini kushindwa kusimama ni kengele inayolia.

Je, maskini wapewe vichezeo?

Wapo watakaouliza swali zito: kwa nini tajiri apimwe kwa bamba la maabara, na mkulima wa Butiama apimwe kwa kichezeo? Hiyo si dharau? Jibu letu ni kwamba dharau haimo katika bei ya chombo, bali imo katika kumdanganya mtu juu ya kile ambacho chombo hicho kinaweza. Kipimo cha bei nafuu kilichohakikiwa, kinachosomwa na mtu aliyefundishwa, na ambacho upungufu wake unasemwa waziwazi, ni heshima kwa mwananchi. Chombo cha thamani kilichofungiwa katika chumba kisichofunguliwa, hicho ndicho dharau.

Wengine watauliza: kupima kuna faida gani ikiwa tiba hakuna? Swali hili ni la haki, na anayelipuuza hajakaa na mgonjwa. Mizani ya samaki haiongezi samaki ziwani. Lakini kwa habari ya kusimama, tiba nyingi zipo karibu. Mazoezi ya kuinuka kitini, ya kusimama kisigino mbele ya vidole, na ya kutembea kwa hatua ndefu hupunguza kuanguka kwa wazee, na hayahitaji dawa ya kununua. Miwani inayofaa humrudisha shahidi wa kwanza kazini. Dawa iletayo kizunguzungu yaweza kubadilishwa na daktari. Kizingiti cha mlango chaweza kusawazishwa kwa sururu, na njia ya chooni ikawekewa taa. Kwa upande wa konzo, dawa iko jikoni na wala haiko kwenye ubao: muhogo mchungu ulowekwe siku za kutosha; na unga wake ukiloweshwa maji, ukatandazwa kwa tabaka jembamba na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iliyobaki hupungua sana. Maarifa hayo yaliletwa na Howard Bradbury wa Australia, na hayataki mtaji.

Tufanye nini?

Mji wa Musoma unalo jina katika historia ya elimu ya nchi hii. Hapa ndipo, mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipopitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu imfikie kila mtoto na masomo yafungamane na kazi. Haitakuwa ajabu kama katika mji huo huo vijana wa ufundi watapewa kazi ya kutengeneza ubao wa kupimia. Vihisi vya uzito vya namna ile ile vimo katika mizani za umeme za wauza nyama na wauza samaki, na mafundi wetu huzifungua na kuzitengeneza kila wiki. Vijana wa VETA wakiwa na mbao imara, vihisi vinne na kompyuta ndogo, hawana sababu ya kungojea kampuni ya michezo ya Japani ibadili nia yake.

Chombo hicho kikiisha kutengenezwa, nacho kipimwe. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20 za maji, ukiongeza uzito wa ndoo yenyewe. Iwekwe katikati ya ubao, kisha isogezwe kila pembe. Uzito wote ukibadilika kwa kuhamishwa ndoo, ubao huo ni mwongo, usitumike mpaka umetengenezwa. Kazi hii ifanywe kila asubuhi ya kliniki na iandikwe. Mizani ya samaki ina alama yake. Miguu ya mama yako haistahili chini ya hapo.

Pili, mhudumu wa zahanati afundishwe kwanza kiti na saa, ndipo ubao. Mgonjwa apimwe akiwa na mtu wa kumdaka ubavuni, wala asiambiwe afumbe macho akiwa peke yake. Litakuwa jambo la aibu mtu kuvunjika mguu katika kupimwa asivunjike mguu. Atakayeonekana anayumba kupita kiasi apelekwe kwa wataalamu, kama wale wa Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, maana ubao huonyesha kwamba mtu anayumba, bali hauonyeshi kwa nini.

Tatu, hesabu za mgonjwa ni siri yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda, na programu za simu zinazotolewa bure mara nyingi hulipwa kwa habari za mtumiaji. Daftari likae zahanati, na nakala akae nayo mgonjwa.

Nne, halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zianze kwa uchache: zahanati moja moja, siku moja kwa wiki, wazee na wenye kisukari kwanza. Baada ya mwaka mmoja waulizwe wangapi walipimwa, wangapi walianguka, wangapi walipata msaada. Mpango ukionekana haufai, usemwe hadharani na uachwe. Ukionekana unafaa, upelekwe Rorya, Tarime na Serengeti, ambako wapo wananchi wanaokumbuka mwaka 1985 kwa sababu wanauona kila siku katika miguu ya ndugu zao.

Wakati wa Uhuru tuliambiwa kwamba maadui wetu ni umaskini, ujinga na maradhi. Katika jambo hili maadui wote watatu wamekaa katika kiti kimoja: maradhi hulegeza miguu, ujinga huyaita uzee, na umaskini husema chombo cha kupimia ni ghali. Kiti na saa vimo katika kila zahanati ya mkoa huu. Hapana sababu ya kungojea bajeti ya mwaka ujao ili kumwambia mzee mmoja ainuke, atembee mita tatu, na arudi aketi.